Arthi ya Bi Mdogo

Nyinyi mliobaki kwenye safu yetu ya mafundi kule Kariobangi mmeniuliza mara nyingi nitawaachia nini, nami nimejibu kila mara kwamba spana zimo sandukuni na ufunguo anao Otis. Naona mlitaka kitu kingine. Huu ni mwezi wangu wa tatu nimekaa nyumbani Umoja. Goti la kulia limekataa katakata kuingia chini ya dashibodi, na mikono iliyozoea kazi haijui kukaa bure, basi nimeipa kalamu. Habari za vyeo msitafute humu. Kwa sisi mafundi wa jua kali, wa vibandani, cheo kinachomfuata fundi ni fundi mzee, na hicho hakiombwi. Kinakuja chenyewe pamoja na maumivu ya mgongo.

Niliingia kazi ya waya za magari nikiwa msichana wa miaka kumi na tisa, na niliingia nikiwa nimebeba uji. Mama alikuwa akiuza uji sokoni, mimi nikiwazungushia mafundi. Mzee Athmani, mzaliwa wa Majengo, mtu wa kofia safi hata akiwa amelala chini ya lori, alikuwa mteja wetu wa kila siku. Asubuhi moja nilimkuta amezamisha kichwa na mabega chini ya usukani. Akasema bila kutazama ni nani, "Nishikie waya huu hapa, usiuachie." Nikaushika. Uji ukapoa. Nilipouachia ilikuwa saa sita, gari linawaka taa zote, na Mzee amesimama ananiangalia mikono.

"Mkono wako hautetemeki," akasema. "Kesho njoo bila uji."

Kesho yake alinipa taa ya kupimia, chombo changu cha kwanza. Ilikuwa balbu ya indiketa, waya mbili, moja ina kibanio na nyingine ina sindano ya kushonea magunia. Kibanio unakibana kwenye chuma, sindano unagusisha unapotaka kujua. Ikiwaka, pana moto, yaani umeme, isipowaka, hapana. Akanionyesha pikapu iliyokufa na kuniambia niguse kila kiungo cha waya kutoka mbele hadi nyuma, huku nikisema kwa sauti "moto" au "hakuna". Nilifanya hivyo kutwa nzima. Jioni mama akaniuliza chakula kikoje, nikajibu "moto".

Wateja walikuja wakauliza fundi mwenyewe yuko wapi. Mzee Athmani hakuwahi kubishana nao. Alikuwa anasema tu, "Fundi ni huyo uliyempa mgongo," kisha anarudi kwenye kahawa yake. Wengine waliondoka. Waliobaki walirudi tena na tena, na baadhi yao walizeeka pamoja nami.

Kazi iliyonifanya nijulikane ni ya betri mbili, na niliijua kupitia gari la kanisa. Kulikuwa na kanisa moja Dandora lenye gari la spika, na kila Jumapili alasiri gari hilo lilikuwa likihubiri mpaka betri inakata roho, kisha waumini wanalisukuma. Mhubiri alikuwa akisema habari za nguvu huku gari lake halina. Walikuja kwetu wakitaka betri kubwa zaidi. Mzee Athmani akawaambia ukubwa hautawasaidia, wanachohitaji ni ya pili.

Ndipo akanikalisha juu ya tairi na kunieleza, na maelezo yale nimewapa nyinyi nyote, kwa hiyo mnaweza kuruka hapa kama mmechoka kuyasikia. Mzee mwenyewe alikuwa na wake wawili, hakuwa anayatoa kitabuni.

"Betri iliyokuja na gari ni bi mkubwa," akasema. "Kazi yake ni moja, kuwasha injini. Asiguswe na mwingine. Betri hii mpya ni bi mdogo. Yeye ndiye wa spika, taa na makelele mengine yote. Altaneta, inayozalisha umeme, ndiye mume. Injini ikizunguka, mume yuko kazini, analeta chakula, na kila nyumba inapata. Injini ikizimwa, mume amelala. Sasa mume akilala, mlango kati ya nyumba mbili ufungwe, ili bi mdogo asije akala akiba ya bi mkubwa usiku kucha. Mlango huo ndio relei."

"Na fyuzi?"

"Fyuzi ni kufuli, mwanangu. Weka kila nyumba, karibu kabisa na betri yake. Waya huu unaopita katikati una moto pande zote mbili. Ukiweka kufuli upande mmoja tu, siku waya ukichubuka, upande wa pili utachoma gari."

Nikamuuliza kama bi mdogo anaridhika na mpango huo wa milango. Akafikiri kidogo, akasema bi mdogo hajali mlango, anajali chakula. Mimi nilikuwa na maoni yangu juu ya mfano ule, na ninayo mpaka leo, lakini sijapata mwingine unaofundisha haraka kuliko huo. Gari la Dandora lilihubiri Jumapili iliyofuata hadi watu wakaomba lizimwe.

Somo la pili kubwa nililipata kwa mbuzi. Mnajua pikapu zinazoshusha mbuzi sokoni Kiamaiko. Ililetwa moja ambayo taa zake za nyuma zilikuwa zinawaka kwa kununa. Nilibadilisha balbu, nikabadilisha waya, nikabadilisha swichi, siku mbili zikaisha. Mzee Athmani akaja, akapiga bodi kwa ncha ya kiatu, na kiatu kikatokea upande wa pili.

"Arthi yako iko wapi?" akaniuliza.

"Kwenye bodi."

"Bodi ipi? Hii imeliwa na mkojo wa mbuzi."

Kwa wale ambao hawajashika waya, arthi ni njia ya umeme kurudi nyumbani. Moto unatoka betri kwa waya, unafanya kazi yake, kisha unarudi kupitia chuma cha gari. Chuma kikioza, umeme unakosa pa kurudia. Tangu siku hiyo sikuamini bodi ya gari lolote. Arthi zangu zote nilizivuta kwa waya hadi kwenye posti ya betri yenyewe, ile nguzo yenye alama ya kutoa, na niliwafundisha nyinyi wote vivyo hivyo. Kuanzia Kiamaiko hadi kwa wachinjaji wa soko la Burma wenye magari ya barafu, fundi wa Kariobangi alijulikana kwa arthi yake: ikiwa imefungwa kwenye posti, ni mtu wetu.

Mzee Athmani alifariki akiwa bado ananirekebisha. Aliniachia ile taa ya sindano, na nililia sana siku niliyopewa. Niliendelea na kazi mahali petu palepale. Miaka ikapita, magari yakabadilika, nikafunga betri za pili kwenye magari ya sinema za mtaani, ya maziwa, ya samaki, hata ya kinyozi mmoja aliyekuwa ananyolea ndani ya gari. Sikuwahi kurudishiwa hata moja. Nasema hivyo kwa majivuno na sioni haya.

Kisha akaja Otis, mnayemjua. Alifungua kibanda karibu na changu akiwa na mashine ya kusoma kompyuta za magari, iliyofanana na simu. Nilimwita daktari wa simu. Yeye aliniita Mathe, yaani mama, kwa heshima ambayo sikuwa na uhakika nayo. Tulisalimiana kila asubuhi na hatukuulizana jambo la kazi kwa miaka minne.

Sasa nifike kwenye kazi yangu ya mwisho, ambayo ndiyo nilitaka kuandika tangu nilipokalia kiti hiki.

Mwezi wa saba alikuja Barasa, kijana wa miaka arobaini hivi anayesambaza mikate kwa gari la kufunikwa, jipya kidogo kuliko magari ninayoyapenda. Nyuma alikuwa amemkalisha baba yake, mzee Makokha, na mtungi mdogo wa oksijeni mapajani. Mzee huyo alifanya kazi kwenye kiwanda cha mablanketi Industrial Area ujana wake wote, na vumbi la pamba lilimwingia mapafuni na kukataa kutoka. Alikuwa anaishi kwa mashine ya oksijeni, ile inayochuja hewa ya kawaida na kuipitisha puani kwa mpira mwembamba. Nyumbani kwao Kariobangi mashine ilikula stima, umeme wa ukutani. Alikuwa na miaka sita hajavuka geti la ploti, ila kwenda hospitali, mpaka siku hiyo.

"Mathe, tunataka kumpeleka mzee ushago, nyumbani kijijini," Barasa akasema. "Mwanangu Wekesa anatahiriwa mwezi wa nane, Kimilili. Mzee anasema lazima afike."

Mimi ni Mbukusu, sikuhitaji maelezo. Siku ya tohara ikishatajwa, na mtoto akishaanza kuzunguka na njuga kwa jamaa, haisogezwi kwa ajili ya mtu yeyote. Na kwa ukoo wao, babu akiwa hai ndiye anayemtajia mtoto majina ya waliotangulia, anaporudi kutoka mtoni amepakwa matope. Babu asipokuwepo, majina hutajwa na mtu mwingine, na hilo ndilo mzee Makokha hakutaka.

Daktari wake alikuwa amekubali, kwa sharti: mashine isizimike njiani, na wabebe mtungi mmoja mdogo wa akiba, wa kutosha kama saa moja. Safari ni ya kutwa, na boma la Kimilili halina stima.

"Binti yangu," mzee akaniambia, akimeza hewa kati ya maneno, "wanasema wewe ndiye unajua betri."

"Najua, Baba."

"Basi sitaki kufika nimelala ndani ya sanduku. Nataka kufika nimekaa."

Zilikuwa zimebaki siku tisa. Nilifunga bi mdogo nyuma ya kiti cha dereva, ndani ya kasha lenye tundu la hewa. Nikavuta waya mnene, nikaweka relei, fyuzi mbili, kila moja karibu na betri yake, na inveta ya kugeuza umeme wa betri uwe wa ukutani. Arthi zote kwenye posti. Nikawasha injini. Mita ikasoma volti kumi na nne na kitu kwenye betri zote mbili. Nilimwambia Barasa tulipeleke gari majaribio hadi Ruiru na kurudi, na mzee akasema hawezi kubaki, ni pua yake inayojaribiwa.

Dakika ishirini za kwanza zilikuwa tamu. Halafu mita ikaanza kushuka. Kumi na tatu. Kumi na mbili na nusu. Injini inazunguka, gari linakwenda, na mume haleti kitu. Tulipofika Githurai inveta ikalia, mashine ikanyamaza. Barasa aliegesha pembeni, nikafungua mtungi wa akiba, nikamvisha mzee mpira wake. Niliomba msamaha sijui mara ngapi.

Mzee Makokha akangoja mpaka pumzi ilipomrudia. "Binti yangu, wewe unaumwa na aibu, mimi naumwa na mapafu. Tuanze na langu."

Nilikwenda duka la vipuri mjini. Mwenye duka akanieleza kwamba magari ya siku hizi yana altaneta yenye akili: bi mkubwa akishiba tu, kompyuta inaipunguzia kazi ili gari lisile mafuta bure. Relei inabaki wazi, lakini mlangoni hakuna kinachopita. Akaniuzia chaja ya betri kwa betri, kisanduku cha ukubwa wa mkate ambacho kinapokea umeme mdogo unaoletwa na kuupandisha mpaka umtoshe bi mdogo. Nilimwambia nilikuwa nalijua jambo hilo. Karatasi ya maelezo niliisomea chooni ili Otis asinione.

Nikaifunga. Safari hii sikumchukua mzee. Nilitumia balbu za taa kubwa kama mzigo badala ya mashine. Tulizunguka Outer Ring Road kwa dakika arobaini, kisha chaja ikawasha taa nyekundu ikajizima. Barasa akazima injini tuangalie. Alipotaka kuiwasha tena, ikatoa tii moja ndogo. Bi mkubwa mwenyewe alikuwa amekauka. Tulisukumwa na vijana wa boda boda mbele ya watu wote wanaonijua, mmoja akauliza kama Mathe sasa anajifunza.

Zilikuwa zimebaki siku nne. Barasa alikaa kwenye ngazi ya gari akajipangusa uso kwa shati.

"Mathe, niambie tu ukweli. Nimwambie mzee, buda wangu, haendi?"

"Nipe hadi kesho."

"Kesho atakuwa ameshanyoosha suti. Anainyoosha kila siku, Mathe. Amekaa chini, anainyoosha kwa mkono mmoja."

Siwezi kuwaelezea jinsi maneno yale yalivyoniuma. Nilitembea hatua kumi na nne kutoka kibanda changu hadi cha Otis, na hizo ndizo hatua nzito kuliko zote nilizopiga katika kazi hii. Nilikuwa nimepanga cha kusema, nikasahau. Nilisema tu, "Otis, nimeshindwa."

Kwa haki, hakucheka. Alikuwa na kila sababu ya kucheka na alikuwa na hadhira. Aliweka chini andazi lake, akachukua mita ya kufumbata, ile yenye taya inayoukumbatia waya bila kuukata na kukuambia umeme kiasi gani unapita. Akafungua boneti, akaikagua kazi yangu.

"Mathe, hii kazi ni safi," akasema. "Fyuzi ziko poa, waya ziko poa. Arthi ya chaja umeweka wapi?"

"Kwa posti. Kama mtu mwenye akili zake."

"Na haka kanini?"

Alikuwa anaonyesha kidude cheusi kidogo, cha ukubwa wa kiberiti, kilichokaa kwenye posti ile ile. Kutoka kwake ndiko waya wa kwenda kwenye chesisi, chuma cha chini cha gari, ulianzia. Nilikuwa nimekiona. Nilidhani ni pambo la kibanio, na arthi yangu nilikuwa nimeifunga juu yake, upande wa betri.

"Hako ndiko kanahesabu," Otis akasema. "Gari inauliza hako, betri imetumia ngapi? Hako kakisema imetumia nyingi, mob kabisa, altaneta inaamshwa. Kakisema iko full, inalala. Sasa chaja yako inabeba umeme kwa bi mkubwa na kurudisha nyuma ya mgongo wa hako. Hakaoni. Kanadhani hiyo stima yote ya altaneta inaingia kwa betri. Gari inafikiri bi mkubwa ameshiba, na huku anakauka."

Nilikaa juu ya ndoo. Nilielewa yote kwa mara moja, na niliyaelewa kwa lugha ya Mzee Athmani. Mume anauliza mlangoni kwa bi mkubwa, leo kimetoka chakula gani? Na mimi nilikuwa nampitishia bi mdogo sahani dirishani. Mlangoni anaambiwa hakijatoka kitu, anarudi kulala. Nyumba zote mbili zinakufa njaa na mume hana habari, tena hana kosa.

Kilichoniuma ni kwamba lile halikuwa kosa la mvivu. Fundi wa mtaa mwingine angefunga arthi kwenye boliti ya karibu kwa uzembe, na kazi yake ingekubali. Kosa lile lilihitaji mtu aliyefunzwa na pikapu za Kiamaiko, mtu makini, mwenye kanuni. Nilikuwa nimetibu kutu kwenye gari lisilo na kutu. Na nilikuwa nimewafundisha nyinyi wote ugonjwa huo.

"Toa hapo," nikamwambia Otis.

"Toa wewe. Kazi ni yako."

Nikafungua nati, nikausogeza ule waya kutoka kwenye posti hadi boliti ya chesisi iliyo karibu, shubiri moja tu, nikakwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, nikakaza. Barasa akawasha injini. Tulisubiri zile dakika ishirini za uongo zipite, kisha Otis akafumbata waya. Injini ikashuka sauti kidogo, ile sauti ya altaneta iliyopewa kazi, na mita ikapanda na kukaa huko huko. Nusu saa, saa nzima, haikushuka. Nilicheka peke yangu mpaka jirani anayeuza mabati akatoka kutazama. Otis akaninyooshea andazi lililobaki, nikalila lote.

Kuanzia siku hiyo niliacha kumwita daktari wa simu. Na nyinyi mkifunga arthi, ulizeni kwanza gari ni la nani: la mbuzi au la kompyuta.

Tulifanya majaribio mengine mawili na mzee akiwa ndani, yote yakaenda vizuri. Siku ya safari nilipanda mbele na mita mapajani. Barasa alisema si lazima. Nilimwambia mimi si wa kungojea habari za kazi yangu kwa simu. Tuliondoka alfajiri, mzee amevaa suti, mpira puani, mashine inanguruma taratibu miguuni pake. Alitaja kila mahali tulipopita, Naivasha, Gilgil, Nakuru, akataja na mahali ambapo basi lao liliwahi kukwama na nani alikuwa ndani.

Timboroa ndipo aliponyamaza. Kule juu hewa ni nyembamba hata kwa wazima, na midomo yake ilianza kubadilika rangi. Barasa aliegesha, akaongeza kipimo cha mashine kama daktari alivyomwelekeza. Mashine ikavuta umeme zaidi. Nilitazama mita. Ikatikisika, ikasimama pale pale. Baada ya muda mzee akafungua macho akauliza kama viazi vya Timboroa bado ni vikubwa, tukajua tumepita salama. Saa tisa alasiri tuliingia Kimilili, na mtungi wa akiba haujafunguliwa.

Asubuhi ya tohara tuliegesha gari ukingoni mwa uwanja wa boma, injini imezimwa ili moshi usiwasumbue watu. Bi mdogo alikuwa ameshiba, kwa kuwa usiku tulimwashia injini kwa zamu, na sasa mashine inakula kwake peke yake. Mzee alikaa kwenye kiti kando ya mlango wa gari, mpira wake mrefu umekunjwa miguuni. Tuliwasikia wakitoka mtoni kabla ya kuwaona. Kisha Wekesa akaingia uwanjani, matope mwili mzima, mikono juu, umati unamfuata kwa wimbo.

Mzee Makokha akasimama bila kushikwa. Akautoa mpira puani, akanikabidhi. Akataja majina. Aliyataja yote, moja baada ya jingine, kwa sauti ambayo Barasa aliniambia baadaye hajaisikia tangu akiwa mtoto, na hakukohoa. Alipomaliza alinyoosha mkono, nikampa mpira, akaketi. Wekesa alisimama bila kupepesa jicho mpaka kazi ya kisu ikaisha, na wanawake wakapiga vigelegele boma zima.

Mtoto alikalishwa upande wa pili wa uwanja. Mzee akanigeukia.

"Nimebakiza pumzi," akasema. "Nataka kumshika mkono."

Akaanza kutembea. Mpira ukakunjuka, ukanyooka, ukafika mwisho akiwa katikati ya uwanja. Alisimama pale na hakurudi nyuma. Barasa akaona, akarukia ndani ya gari akaachia breki ya mkono. Nikaweka bega langu nyuma ya gari, wajomba wakaja, wanaume wa ukoo wakaja, waliokuwa wanaimba wakaja wakiimba, tukalisukuma. Gari likavuka uwanja taratibu, injini imezimwa, mashine inanguruma ndani yake, na mbele yake mzee Makokha anatembea kwa suti yake, hatua kwa hatua, mpaka kwa mjukuu. Aliyekuwa mbali angeapa kwamba mzee yule alikuwa analivuta gari kwa pua.